Kabla Madiwani Hawajanyoosha Mikono: Maswali Yenu Kuhusu Bei ya Maji na Maegesho ya Bustani

Barua nyingi za toleo hili zinatoka kwa watu wanaosubiri kikao kimoja: baraza la jiji litajadili bei mpya za maji na, katika ajenda hiyo hiyo, utaratibu wa kuegesha magari kwenye bustani ya umma. Tumechagua zinazogusa hesabu, maana humo ndimo uamuzi unamofanyika. Namba za mifano yetu ni rahisi na hazina sarafu. Weka za kwenu mahali pake.

SWALI: Tangazo lililobandikwa linasema bei ya maji itapanda kwa asilimia 12. Hakuna maelezo mengine. Asilimia hiyo inapatikanaje? (Mlipaji wa kila mwezi)

JIBU: Inaanzia kwenye fedha ambazo idara au mamlaka ya maji inahitaji kukusanya kwa mwaka mzima. Humo kuna mishahara, umeme wa pampu, klorini na shabu, matengenezo, marejesho ya mikopo pamoja na riba, na fungu la kubadilisha mabomba na mitambo inayochakaa. Hutolewa mapato mengine, kama ada za kuunganishiwa maji, na kinachobaki hugawanywa kwa uniti zinazotarajiwa kuuzwa. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000.

Mkazie macho kigawanyo. Tuseme mtambo unasukuma uniti 1,000,000 kwa mwaka, na gharama yote ni 1,300,000. Asilimia 35 ya maji ikipotea njiani, zinabaki uniti 650,000 za kuuza, na kila uniti lazima iingize 2. Upotevu ukishuka hadi asilimia 20 zinauzwa uniti 800,000, na bei inayotosha ni takriban 1.63. Mtambo ni ule ule na gharama ni ile ile. Hapo tumechukulia kwamba maji yaliyookolewa yana mnunuzi. Yasipokuwa naye, kinachookolewa ni umeme na dawa tu.

Neno "upotevu" linafunika mambo matatu yasiyofanana, na kila moja lina tiba yake. La kwanza ni mabomba yanayovuja. La pili ni maji yanayomfikia mtu lakini hayahesabiwi sawasawa: dira chakavu zinazosoma pungufu, maunganisho ya wizi, makosa ya msoma dira. La tatu ni maji yanayotumika kwa ruhusa bila ankara, kwa mfano ya zimamoto au ya kumwagilia bustani za jiji. Ukiziba bomba unaokoa gharama ya kuzalisha maji. Ukibadilisha dira mbovu unapata bei kamili ya rejareja, maana maji hayo yalikuwa yanatumika tayari. Ndiyo sababu fundi mwenye bajeti ndogo huanza na dira za wateja wakubwa kabla ya kufukua barabara. Presha nayo isisahauliwe. Usiku watu wakilala matumizi hushuka, presha hupanda, na viungio huachia. Kwa wastani, presha ikipunguzwa kwa asilimia 10, uvujaji hupungua kwa karibu asilimia 10 pia, na valvu ya kupunguza presha ni nafuu kuliko kilomita moja ya bomba jipya.

Kwa hiyo ukienda kuuliza, uliza mambo haya: uniti zilizozalishwa mwaka jana, uniti zilizotozwa ankara, sehemu ya ankara iliyolipwa kweli, marejesho ya mikopo kwa mwaka, na kiasi kilichowekwa kwenye fungu la uchakavu. Hilo la mwisho ndilo linalofichwa zaidi. Baraza linalojisifu kwamba halijapandisha bei kwa miaka mingi mara nyingi limekuwa likila fungu hilo, na siku mabomba yatakapopasuka kwa pamoja, asilimia 12 itaonekana ndogo.

Angalia pia nani mwenye neno la mwisho. Kuna nchi ambako kura ya baraza haitoshi: Tanzania bei za mamlaka za maji hupitishwa na EWURA, Kenya WASREB ndiyo inayosimamia, na Uingereza na Wales mipaka ya bei huwekwa na Ofwat. Mahali kama hapo, maoni yako yapeleke kwa mdhibiti pia.

SWALI: Tuliambiwa tubane matumizi, tukabana. Sasa bei inapanda kwa sababu "mauzo yameshuka". Je, tumeadhibiwa kwa utii wetu? (Mama wa nyumba yenye watu watano)

JIBU: Hasira yako ina haki, mama, lakini hesabu ina pande mbili. Sehemu kubwa ya gharama za maji haipungui matumizi yakipungua. Bomba, tangi, mkopo na mlinzi wa mtambo wapo pale pale.

Chukua mji unaotumia uniti 100 kwa gharama ya 1,000, ambapo 800 ni gharama zisizobadilika na 200 hufuata matumizi. Bei ni 10 kwa uniti. Wote mkibana kwa asilimia 10, zinatumika uniti 90. Gharama inashuka hadi 980, lakini kwa bei ya zamani yanakusanywa 900 tu. Pengo ni 80, na bei mpya lazima iwe karibu 10.89, ongezeko la asilimia 9. Nyumba iliyobana kama wenzake italipa pungufu kwa asilimia 2 hivi. Ambayo haikubana italipa zaidi kwa asilimia 9. Kubana kumekusaidia, ila si kwa kiasi ulichotarajia. Faida kubwa zaidi huja baadaye, pale mji unapoahirisha kujenga mtambo mwingine.

Wahasibu wengi hupendekeza dawa ya ada ya kila mwezi isiyobadilika ambayo ni kubwa, ili mapato yatulie. Sisi tunaiogopa. Ada ya namna hiyo humlemea anayetumia uniti 4 na kumpa unafuu anayetumia 60. Bora ada ndogo inayogharimia kusoma dira na kutoa ankara, na mamlaka iwe na akiba ya kuvukia mwaka mbaya.

SWALI: Tuko wapangaji sita kwenye ua mmoja, dira moja. Baraza linataka bei za ngazi: anayetumia kidogo alipe kidogo. Tushangilie? (Mpangaji)

JIBU: Msishangilie bado. Bei ya ngazi huitazama dira. Watu walio nyuma yake haiwaoni. Tuseme uniti 5 za kwanza ni 1 kila moja, kuanzia ya 6 hadi ya 20 ni 2, na zaidi ya hapo ni 3. Kila kaya kati yenu ikitumia uniti 5 kwa dira yake, sita zingelipa jumla ya 30. Kwa dira moja yenye uniti 30 mtalipa 5, kisha 30, kisha 30 tena: 65. Ni zaidi ya maradufu, na ninyi ndio ambao bei hiyo ilidaiwa kuwatetea.

Ipo tiba inayojulikana: upana wa kila ngazi uzidishwe kwa idadi ya kaya. Kwenu ngazi ya kwanza ingekuwa uniti 30, na yote mngelipa kwa bei ya chini. Ombeni kifungu hicho kiandikwe ndani ya sheria ndogo yenyewe, pamoja na fomu ya kusajili kaya na muda wa kuihuisha, kwa sababu ahadi ya mdomo haimfungi karani. Dira ndogo za ndani zinasaidia kugawana ankara, lakini hazibadilishi ngazi mpaka mamlaka izitambue.

Pimeni pia kama ngazi ya kwanza inamtosha mtu. Umoja wa Mataifa, uliotambua haki ya maji mwaka 2010, hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu watano kwa lita 50 inahitaji lita 250 kwa siku, sawa na uniti 7.5 kwa mwezi wa siku 30. Ngazi ya uniti 5 inaishia kabla hata ya kiwango cha chini. Afrika Kusini ilipoanza utaratibu wa maji ya bure mwaka 2001 iliweka lita 6,000 kwa kaya kwa mwezi, kwa kukadiria watu wanane wa lita 25 kila mmoja kwa siku. Nyumba zenye watu wengi zaidi, na nyua za pamoja, ziliumia kwa sababu ile ile mnayoihofia.

Nanyi madiwani mnaosoma hapa: ngazi zenu ziwe na hesabu nyuma yake. Huko California, katiba ya jimbo ilirekebishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1996 ili ada isizidi gharama ya huduma. Mwaka 2015 mahakama ya rufani iliukuta mji wa San Juan Capistrano na makosa kwa sababu haukuonyesha kwamba bei za ngazi zake zilitokana na gharama halisi. Hata pasipo na sheria kama hiyo, swali "kwa nini ngazi ya tatu ni 3 na si 2.4?" linastahili jibu la maandishi.

SWALI: Ankara yangu imepanda maradufu tangu bei mpya zilipoanza. Naweza kujuaje kama ni bei au bomba linavuja? (Mstaafu)

JIBU: Mzee wetu, weka pembeni safu ya fedha usome safu ya uniti. Uniti zikiwa zile zile, ni bei. Zikiongezeka, funga koki zote ndani ya nyumba, zuia pia maji yasiingie kwenye matangi, andika namba zote za dira pamoja na zile nyekundu zinazohesabu lita, kisha usubiri saa mbili bila mtu kugusa maji. Namba ikisogea, kuna pa kuvuja. Funga koki kuu ya kuingilia nyumbani, urudie. Dira ikisimama, uvujaji uko upande wa nyumba. Ikiendelea, uko kati ya dira na koki hiyo.

Choo ndicho mshukiwa wa kwanza. Tia rangi ya chakula kidogo ndani ya tangi la kuvutia maji, usivute kwa nusu saa. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa valvu umeisha.

Ukishuku dira yenyewe, jaza ndoo ya lita 20 mara tano, uone kama imesogea lita 100. Tofauti ya lita mbili tatu inaweza kuwa ya mkono wako. Ikifika lita 10, omba dira ipimwe rasmi. Mahali penye mgawo kuna jambo jingine: maji yanaporudi husukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo huzungusha dira. Usifungue koki mapema ukisubiri maji, na uombe mamlaka iweke valvu ya kutoa hewa kwenye mstari.

SWALI: Baraza linataka kutoza maegesho kwenye bustani kubwa. Wengine wanasema bustani ni ya wote, wengine wanasema hapapatikani nafasi. Nani yuko sahihi? (Mwenye duka jirani na bustani)

JIBU: Kabla ya kubishana, hesabuni magari. Inahitajika siku moja ya kazi na siku moja ya mapumziko, watu wawili, karatasi na kalamu. Kila saa, tangu saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, wapite wakiandika herufi na tarakimu tatu za mwisho za kila namba ya gari na nafasi lilipo. Karatasi hizo zitaonyesha nafasi ngapi zimejaa kila saa na kila gari limekaa muda gani.

Mara nyingi hesabu hufichua kwamba tatizo halitoki kwa wageni wa bustani. Nafasi 80 zinajaa kabla ya saa tatu asubuhi na namba zile zile ziko pale saa kumi na moja jioni: ni wafanyakazi wa ofisi za jirani. Nafasi inayokaliwa na gari moja tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni inamhudumia mtu mmoja; kwa ziara za saa mbili mbili ingehudumia watano. Hapo kikomo cha kuegesha kwa muda wa saa tatu siku za kazi kinatosha, na familia inayokuja siku ya mapumziko haina sababu ya kulipa chochote.

Magari yakiwa ni ya wageni wenyewe na bado hapatoshi, tozo ina hoja. Profesa Donald Shoup wa chuo kikuu cha UCLA alieneza kipimo kinachotumika na miji mingi: bei iwe ya chini kadiri inavyowezekana mradi karibu asilimia 85 ya nafasi ziwe na magari. Kwa nafasi 80, ni magari 68 na nafasi 12 wazi. Zikiwa wazi 40, bei imezidi. Ikibaki wazi moja tu, watu watazunguka wakitafuta.

Katika rasimu someni vifungu vinne. Fedha zinakwenda wapi? Old Pasadena huko California ilikubali mita za maegesho mwaka 1993 baada ya kuahidiwa kwamba mapato yatarudi kwenye mitaa ile ile, na yalirudi kama njia za miguu, taa na usafi. Kukusanya kunagharimu nini? Mashine, wakaguzi, stakabadhi na ukaguzi wa hesabu vinaweza kumeza tozo yote ya bustani ndogo. Nani anasamehewa? Magari ya watu wenye ulemavu yapewe nafasi pana karibu na lango. Kanuni za Marekani hudai nafasi nne kati ya 76 hadi 100. La nne ndilo linalokuhusu wewe mwenye duka: magari yanayokwepa tozo yatahamia mtaani kwako, na mtu yuko tayari kutembea dakika tano, karibu mita 400. Utaratibu wa mitaa hiyo uanze siku moja na tozo. Kuja kuuanzisha miezi sita baadaye ni kuchelewa.

Nusu saa ya bure ni wazo zuri lenye tundu: mtu hutoka na kuingia tena. Litazibwa kwa kuandika kwamba namba moja ya gari hupata nusu saa hiyo mara moja kwa siku.

SWALI: Kwa nini wasiongeze tu maegesho kwenye nyasi? Uwanja upo. (Dereva)

JIBU: Gari moja, pamoja na njia yake ya kupita, hula mita za mraba 25 hadi 30. Magari 40 ni mita za mraba 1,000 na zaidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 30 juu ya lami hiyo ni karibu lita 30,000 zinazotafuta mtaro kwa mara moja, na zamani zilikuwa zikizama ardhini.

Miti nayo hufa polepole. Mizizi mingi iko nusu mita ya juu ya udongo. Magurudumu hushindilia udongo, hewa na maji haviingii tena, na mti hukauka matawi ya juu miaka kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka nani aliruhusu magari. Kiwango cha Uingereza cha BS 5837 huzungushia mti eneo lenye nusu kipenyo mara 12 ya kipenyo cha shina, kikipimwa mita 1.5 kutoka chini. Shina la sentimita 50 linadai mita 6 kila upande. Wekeni nguzo au mawe makubwa kwenye mstari huo, kwa sababu kamba na vibao havizuii gari.

Vitofali vyenye matundu ya nyasi vinafaa kwa maegesho ya siku za sherehe, si ya kila siku, maana nyasi zikiwa chini ya gari mchana kutwa hazipati jua. Chini yake patandikwe kokoto zisizo na vumbi. Zenye vumbi huziba, na maji husimama.

SWALI: Bustani ya jiji inamwagiliwa wakati sisi hatuna maji. Maji hayo yanalipwa na nani? (Msomaji mwenye ndoo)

JIBU: Kama bustani haina dira, yanalipwa na wewe. Uwanja wa nyasi wa mita za mraba 10,000 ukipewa milimita 5 kwa siku hunywa uniti 50 kila siku, 1,500 kwa mwezi: matumizi ya kaya 100 za uniti 15. Maji hayo yasipopimwa huingia kwenye fungu la "upotevu", kisha bei yako hupandishwa kuufidia. Idara inayosimamia bustani nayo haina sababu ya kuziba bomba linalotiririka, kwa kuwa haioni ankara yoyote.

Ombeni mambo mawili yaliyo rahisi kupitishwa: dira kwenye kila bustani, na ankara ilipwe kutoka bajeti ya bustani kwa bei ile ile ya wateja. Tozo ya maegesho ikipita, sheria ndogo itaje kwamba sehemu yake hulipa maji hayo. Baada ya hapo mtaona bustani inamwagiliwa alfajiri badala ya saa sita mchana, na matandazo yakiwekwa chini ya miti.

SWALI: Nina dakika tatu za kuzungumza kwenye kikao. Nisemeje ili nisikike? (Kijana)

JIBU: Dakika tatu, mdogo wetu, zinatosha ombi moja. Siku kadhaa kabla, peleka barua ya ukurasa mmoja kwa katibu wa baraza, idai mhuri wa kupokelewa, na uombe iingizwe kwenye kumbukumbu. Barua iwe na maneno kamili unayotaka yaongezwe kwenye rasimu, kwa mfano: "Upana wa kila ngazi utazidishwa kwa idadi ya kaya zilizosajiliwa kwenye dira." Diwani anayekuunga mkono anaweza kuyasoma kama pendekezo la marekebisho pale pale. Malalamiko bila maandishi hayana pa kuwekwa.

Mapatano yakifika kwenye kupandisha kidogo kidogo, piga hesabu kwanza. Asilimia 4 kwa miaka mitatu mfululizo si 12. Ni karibu 12.5, kwa sababu kila ongezeko huketi juu ya lililotangulia. Bado unaweza kuwa uamuzi mwema kwa wenye kipato kidogo, ila baraza liseme pengo la miaka miwili ya kwanza litazibwa na nini.

Bei ikishapita, kagua ankara ya kwanza. Kama mzunguko wa kusoma dira ni siku 30 na bei mpya imetumika siku 10 tu za mwisho, matumizi ya uniti 30 yagawanywe: 20 kwa bei ya zamani, 10 kwa mpya, na upana wa ngazi nao ugawanywe kwa siku hizo hizo. Mitambo ya kutoa ankara isiporekebishwa hutoza uniti zote 30 kwa bei mpya. Andika pingamizi kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa, lipa sehemu usiyoipinga, na utunze stakabadhi.